Plastiki Imevunjika au Imelegea? Mtafute Mkosaji Kati ya Joto, Kasi na Muda

Kiti cha plastiki humwangusha mtu kwa njia mbili. Ya kwanza hutokea saa nane mchana, kiti kimeshinda juani tangu kabla maturubai hayajafungwa. Mama wa watu anakaa, anapokea sahani yake ya pilau, na miguu ya kiti inaanza kutanuka kidogo kidogo mpaka kiti kinagusa ardhi. Husikii mlio wowote. Njia ya pili hutokea alfajiri yenye baridi, hasa nyanda za juu: mtu kachoka, anajitupa kitini kwa kishindo, na mguu mmoja unakatika ta! kama kigae cha chungu.

Ukiwauliza waliokuwepo, watakupa jibu moja kwa visa vyote viwili: feki hiyo. Huenda ni feki kweli, siwezi kukataa. Lakini mimi ni fundi bomba wa miaka mingi, na pembeni ya kazi hiyo naunga vyombo vya plastiki kwa moto, na sehemu kubwa ya vinavyoletwa kwangu vimevunjika bila kosa la kiwanda. Vilitumika mahali ambapo joto lilikuwa jingine, au mzigo ulikuja kwa kasi nyingine, au ulikaa muda mrefu kuliko plastiki hiyo inavyoweza kuvumilia. Nondo ina nguvu karibu ileile asubuhi na mchana. Plastiki sivyo. Na kwa kuwa mzee akianguka na kiti anaweza kuvunjika nyonga, na bomba likipasuka darini nyumba nzima inaloa, naona ni haki kila fundi na kila mwenye nyumba ajue kumtambua mkosaji halisi.

Anza kwa kuuliza, kisha tazama jeraha

Ukiletewa kitu kilichoharibika, weka gundi pembeni kwanza. Uliza kilikuwa na joto gani kilipoharibika. Joto la kitu chenyewe, maana hewa inaweza kuwa nyuzi 32 huku bomba jeusi lililolala juu ya bati likifika 60. Uliza mzigo ulikuja vipi: uliwekwa taratibu, uligonga, au ulitupwa? Uliza pia ulikaa muda gani kabla ya kuharibika.

Halafu shika kipande chenyewe, kigeuze kwenye mwanga. Kama kingo ni kali, vipande vinarudi kushikana sawasawa kama kikombe kilichovunjika, na hakuna mahali palipovutika, huo ni mpasuko mkavu. Washukiwa wake ni baridi, kasi, chale au jua la miaka mingi. Kama kingo zimekuwa nyembamba, zina weupe na vinyuzinyuzi kama ndevu, plastiki ilijitahidi kunyooka ikashindwa. Mzigo ulikuwa mkubwa mno kwa joto lile. Kama hakuna ufa ila umbo limebadilika, shuku joto na muda. Na ukikuta ufa mmoja mfupi, uso wake laini, unavuja kama jasho kwenye bomba ambalo limefanya kazi miaka kadhaa bila shida, huo ni mzigo mdogo uliokaa muda mrefu, na mara nyingi ufa umeanzia kwenye mkwaruzo au jiwe lililokandamiza bomba ardhini.

Kinachotokea ndani

Plastiki ni molekuli ndefu mno zilizosokotana, mfano wa tambi kwenye bakuli. Tambi za moto zenye mafuta ukiziinua kwa uma zinateleza, zinanyooka, zinakuja. Ziache kwenye friji mpaka kesho, bakuli zima litatoka kama tofali na ukilipinda linameguka. Hilo ndilo joto. Kasi nayo inafanya kazi kwa namna hiyohiyo: hata tambi za moto, ukizinyakua ghafla hazipati nafasi ya kutelezeana, zinakatika. Kwa molekuli, kuharakishwa na kupozwa vinafanana sana. Mwaka 1955 wanasayansi watatu wa Marekani, Williams, Landel na Ferry, walitoa mlinganyo unaoonyesha namna joto na muda vinavyoweza kubadilishana nafasi. Watengenezaji wa mabomba wanaitegemea tabia hiyo mpaka leo: bomba la polithini hujazwa presha ndani ya maji ya nyuzi 80 kwa saa 165, na jingine kwa saa 1,000, ili wapate picha ya miaka mingi ya kazi kwenye maji baridi.

Ukitaka kuona jambo hili bila maabara, fikiria lami. Ipige nyundo ikiwa imepoa, inapasuka vipande. Iache kwenye ndoo iliyolala ubavu, baada ya muda utaikuta imetiririka. Mwaka 1927 Thomas Parnell, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliweka lami kwenye faneli ya kioo, akakata shingo yake mwaka 1930 na kuiacha idondoke. Tone la tisa lilianguka mwaka 2014. Kitu kilekile kwa nyundo ni jiwe, na kwa mwenye subira ni maji mazito.

Kila plastiki ina joto lake ambalo chini yake inakakamaa na juu yake inaanza kunepa. Chupa za soda na maji (PET) hulegea kwenye nyuzi 70 hadi 80, ndiyo maana ukimimina chai ya moto chupa inajikunyata mkononi. PVC, ile ya mabomba magumu ya maji, ni karibu 80. Polistairini, ile ya vikombe vigumu vinavyong'aa, ni kama 100. Polipropilini ya viti, ndoo na kreti nyingi iko karibu na sifuri au chini yake kidogo. Polithini ya mabomba meusi na matangi iko chini ya hasi 100, maana yake hakuna friji ya kawaida itakayoikakamaza hivyo. Mkumbuke huyu wa polipropilini. Ndiye anayeleta kesi nyingi.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi wazuri. Kasi haipunguzi nguvu ya plastiki. Mara nyingi inaiongeza. Kinachopungua ni uwezo wa kunyooka kabla ya kukatika, na huo ndio unaookoa chombo kinapogongwa. Chukua mfuko laini wa mkate, kata kwa wembe mkanda wa upana wa sentimita mbili, kingo zake ziwe safi. Uvute polepole kwa mikono miwili. Utaona unakuwa na shingo nyembamba, shingo inatambaa kuelekea pande zote mbili, na mkanda unarefuka mara kadhaa. Kata mwingine uunyakue kwa ghafla. Mkono utahisi umekaza zaidi kuliko wa kwanza, na hapohapo umekatika, bila shingo, bila kurefuka. Rudia mara ya tatu kwa kasi ya katikati kisha gusisha shingo yake mdomoni haraka: ina vuguvugu. Plastiki ikivutwa inajipasha yenyewe.

Dalili: imevunjika kama kioo ilipoangushwa au kugongwa

Jamaa yangu anafanya kazi kwenye ghala la baridi la samaki huku pwani. Walinunua kreti mpya, na ndani ya wiki mbili zikawa zimevunjika pembe nyingi kiasi kwamba mwenye ghala alikuwa anajiandaa kumshtaki muuzaji. Niliomba niende nikaone kwanza.

Chumba chao kinakaa hasi 18. Vijana wanapakua kwa kurusha: mmoja anatupa, mwingine anadaka, na asipodaka inapiga sakafu kwa kona. Nilichukua kreti mbili za shehena ileile, moja iliyokuwa nje barazani na nyingine iliyolala ndani tangu jana yake. Niliziangusha zote kwenye saruji, kutoka usawa wa kifua, kwa kona. Ya barazani iliruka kama mpira na kubingirika. Ya ndani ilitoa mlio mkavu, pembe ikatoka nzima na kuteleza mpaka chini ya mizani. Nikaokota kile kipande: kingo zake zilikuwa safi kama zimekatwa kwa wembe, hazina weupe hata kidogo. Kisha nikaitoa kreti hiyohiyo iliyovunjika, nikaiweka juani kwa saa moja na kuiangusha kwa pembe iliyobaki. Ikaruka kama mwenzake. Mwenye ghala alinyamaza, akaniambia niirudie. Nikairudia.

Chini ya kreti kulikuwa na pembetatu ya mishale yenye namba 5 ndani yake. Hiyo ni polipropilini. Ingekuwa 2, ingekuwa polithini nzito, na huenda tusingekuwa na kesi. Kariri namba hizi kwa sababu ndizo cheti cha kuzaliwa cha chombo: 1 ni PET, 2 polithini nzito, 3 PVC, 4 polithini laini, 5 polipropilini, 6 polistairini, 7 ni nyinginezo.

Kuna wanaosema, "Mbona karatasi ya muuzaji inaonyesha nguvu kubwa?" Karatasi haidanganyi, ila inajibu swali jingine. Vipimo hivyo hufanyika kwenye nyuzi 23, na polipropilini huvutwa na mashine kwa kasi ya kama milimita 50 kwa dakika. Kitu kikianguka kutoka mita moja kinafika chini kwa kasi ya mita 4.4 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara 5,000 ya kasi ya mashine, na bado hujaweka baridi juu yake. Takwimu ya kutafuta kwenye karatasi ni ile ya kugongwa kwa nyundo ya kuning'inia, inayoitwa Charpy au Izod, na iwe imepimwa kwenye baridi unayoitumia wewe. Ukikuta imepimwa kwenye nyuzi 23 peke yake, muulize muuzaji ya hasi 20. Akikosa jibu, umeshapata jibu.

Polipropilini yenyewe ina ndugu wawili. Mmoja ni mtupu, mgumu, anang'aa vizuri, na karibu na sifuri anakuwa kigae. Mwingine amechanganywa na vipande vya polithini au mpira ndani yake na anavumilia baridi vizuri zaidi. Pembetatu haiwatofautishi, wote wana namba 5. Kwa hiyo kipimo cha kuangusha ndicho kinachotegemewa.

Tazama pia kona za ndani. Kona kali iliyokatwa kama pembe ya boksi ni chale tayari. Nguvu yote ya pigo inakusanyika pale. Kona ya mviringo inagawa pigo. Ndiyo maana ndoo iliyokwaruzwa na kisu huvunjika pale pale kwenye mkwaruzo. Ukiunga ndoo kwa moto na kuacha mfereji pembeni ya kiungo, umeitengenezea mahali pa kuvunjikia tena. Mimi huwa nalainisha kiungo kwa msasa mpaka kidole kisihisi kingo, na sioni aibu kutumia dakika kumi kwenye kazi ya dakika tatu.

Kwa mabomba ya PVC, baridi ya Makete na Njombe mwezi Juni na Julai, asubuhi majani yakiwa na barafu, inatosha kukupasulia bomba wakati wa kazi. Usilikate kwa mkasi wa bomba kabla jua halijatoka. Tumia msumeno wenye meno madogo. Na washushaji wasiyatupe mabomba kutoka kwenye lori. Ufa wa siku ya kushusha hauonekani, unakuja kujitokeza siku unafungua maji.

Dalili: bomba la PVC limepasuka kwa urefu, presha ikiwa ya kawaida

Hapa joto na kasi hushirikiana, na fundi asipovitenganisha atabadilisha bomba kila mwaka.

Angalia joto kwanza. Presha iliyoandikwa ubavuni mwa bomba ni ya maji yenye nyuzi 20 na kitu hivi. Majedwali ya Kimarekani ya PVC yanaanzia nyuzi 23 na kushuka hivi: kwenye nyuzi 32 bomba linabaki na asilimia 75 ya presha yake, kwenye 38 asilimia 62, kwenye 43 karibu nusu, na kwenye 60 asilimia 22 tu. Polithini nayo hushuka, lakini kwa upole: kwenye 30 inabaki na asilimia 87, kwenye 40 asilimia 74. Kwa hiyo bomba la PVC la bar 10 (bar ni kipimo cha presha) likipita juu ya bati Dar es Salaam au Dodoma, na maji yamesimama ndani yake tangu saa tano asubuhi, saa tisa alasiri si bomba la bar 10 tena. Ni kama bar 5.

Sasa kasi. Maji yanayokimbia yana uzito, na ukifunga koki ghafla uzito huo unagonga. Mrusi Nikolai Joukowsky alieleza hesabu yake mwaka 1898 baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow. Kwa bomba la PVC, pigo hilo husafiri kwa mita kama 400 kwa sekunde. Maji yaliyokuwa yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huleta bar 6 za ziada. Kwenye chuma, ambako pigo husafiri kwa karibu mita 1,200, ingekuwa bar 18, kwa hiyo hapa ulaini wa plastiki unatusaidia. Lakini ziongeze bar 6 hizo juu ya bar 3 za pampu, kisha zilinganishe na bar 5 zilizobaki mchana.

Utauliza kwa nini halipasuki siku ya kwanza. Ni kwa sababu ya kile ulichokihisi kwenye mkanda wa mkate: mzigo wa ghafla wa sehemu ndogo ya sekunde, PVC inaustahimili kuliko mzigo wa kudumu wa kiasi hichohicho. Bomba linavumilia pigo moja, linavumilia mia. Pampu yenye swichi ya presha inayowaka na kuzima kila mtu anaponawa mikono inaleta maelfu, na ufa mdogo unaoanzia kwenye mkwaruzo hukua kila pigo mpaka siku yake.

Namna ya kuwatenganisha ni hii. Kama mipasuko yote iko sehemu zinazopigwa na jua na zilizofukiwa ni nzima, joto ndilo kiongozi. Kama mipasuko iko karibu na pampu, kwenye viwiko na kwenye koki za kufunga kwa robo mzunguko, na usiku unasikia bomba linagonga ukutani, anza na kasi. Dawa ya joto ni kufukia bomba nusu mita chini, au kulipitisha kivulini, na pasipowezekana kulipaka rangi nyeupe ya maji (rangi ya mafuta ina viyeyusho, iache). Dawa ya kasi ni koki zinazofungwa taratibu, tangi la presha karibu na pampu ili isiwake kila mara, na valvu ya kuzuia maji kurudi iliyo nzima.

Na usiunge PVC ya kawaida kwenye hita. Nimeona fundi ameweka PVC kwa mita moja tu "kusogezea" maji ya moto mpaka kwenye PPR, bomba la polipropilini linaloungwa kwa moto. Mita hiyo moja ilijikunja, ikajitoa kwenye soketi, na bafuni alikuwemo mtoto. Aliponea chupuchupu. Kwenye maji ya moto tumia PPR iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na klipu ziwe karibu zaidi kuliko za maji baridi, la sivyo bomba litaning'inia kati ya klipu na klipu kama kamba ya kuanikia nguo.

Dalili: viungo vya bomba jeusi vimejichomoa usiku

Polithini hurefuka na kufupika sana. Roli la mita 100 lililonyooshwa na kufungwa mchana likiwa na nyuzi 50, likapoa hadi 20 usiku, linataka kufupika karibu nusu mita. Kiungo kisichokazwa vizuri kitatoa. Lilaze kwa kuyumba kama nyoka kwenye mtaro, na ufunge ncha ya mwisho asubuhi kabla jua halijashika.

Dalili: haijavunjika, imepinda tu

Turudi kwa yule mama na pilau yake. Kiti kilimbeba alipokaa. Kilichomwangusha ni dakika ishirini zilizofuata. Plastiki ikibebeshwa mzigo inaendelea kujinyoosha polepole hata kama mzigo hauongezeki, na joto huharakisha mwendo huo.

Takwimu za mabomba zinaonyesha ukubwa wa tofauti. PVC ikivutwa mashineni kwa dakika chache hukatika kwenye nguvu ya karibu kilo 500 kwa kila sentimita ya mraba. PVC hiyohiyo ikitakiwa kubeba kwa miaka 50 kwenye nyuzi 20, huhesabiwa kilo 250. Bomba la polithini lililoandikwa PE100 hufikia kikomo chake mashineni kwenye kilo kama 230, na namba 100 kwenye jina lake inatokana na bar 100, yaani kama kilo 100 kwa sentimita ya mraba, ambazo ndizo inazoahidiwa kwa miaka 50. Hata hizo wahandisi hupunguza tena kwa usalama. Kwa hiyo ukitundika kitu kwenye kulabu ya plastiki na ikabeba vizuri, umejua habari za leo tu.

Tangi la maji ndilo linaloonewa zaidi kwa hili. Lita 1,000 ni tani moja, mchana na usiku, mwaka mzima, na jua juu yake. Likikalia mbao zilizoachana, baada ya miezi kitako kinazama kati ya ubao na ubao, na pale kinapokunja ndipo ufa utaanzia. Watu husema tangi ni jembamba. Tazama stendi kwanza: sakafu ya tangi inatakiwa ikae yote juu ya kitu tambarare, bila upenyo na bila kokoto.

Ndugu wa tatizo hili ni nati ya plastiki iliyokazwa leo na inavuja wiki ijayo. Hakuna aliyeigusa. Plastiki iliyobanwa imejipanga upya ndani na kuacha kusukuma. Rudi baada ya siku mbili tatu uikaze tena kidogo, kwa mkono na robo mzunguko wa spana. Wanaokaza kwa nguvu zote siku ya kwanza ili wasirudi ndio wanaopasua nyuzi za nati.

Kwa viti, panga vya akiba kivulini, na kiti cha mzee au mtu mzito kiwe cha mbao au bebanisha viwili, kimoja ndani ya kingine. Mguu ambao umeshawahi kutanuka hadi kuweka weupe kwenye mkunjo, usiurudishe kazini hata kama umenyooka ulipopoa. Weupe ule ni vinyufa vidogo visivyohesabika.

Wanaojifanya baridi

Kuna wakosaji watatu ambao huacha mpasuko mkavu ingawa hawana uhusiano na baridi wala kasi.

Jua la miaka: uso unakuwa na unga ukiusugua kwa kidole, rangi imepauka, na nyufa ndogo zimetanda kama matope yaliyokauka. Jaribu hivi. Tumbukiza kipande kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kumi kisha ukipinde taratibu. Kikinepa, shida ilikuwa baridi au kasi. Kikikatika hata hapo, molekuli zenyewe zimekatwa na jua na hakuna dawa, usipoteze gundi. Mabomba na matangi meusi hudumu kwa sababu ya masizi laini yaliyochanganywa ndani yake, asilimia mbili na ushee, yanayozuia mwanga kupenya.

Sabuni na mafuta: polithini iliyo chini ya mkazo na kuguswa na sabuni ya maji kwa muda mrefu hupasuka kwa mzigo mdogo kuliko kawaida yake. Madumu yaliyopangwa juu ya mengine yakiwa na sabuni ndani, ya chini ndiyo hufa.

Wa tatu ni ukavu, na unahusu nailoni, hasa zile tai za kufungia nyaya. Nailoni hunywa unyevu wa hewa na unyevu huo ndio unaoinepesha. Pakiti iliyokaa wazi juani au kwenye gari miezi kadhaa inakauka, na tai zinakatika ukizikunja tu, hasa asubuhi ya baridi. Ziloweke usiku mzima kwenye maji, kesho utafunga nazo bila shida.

Kupima kabla ya kununua kwa wingi

Omba vipande vitatu vya sampuli na utafute joto baya kuliko yote ambayo kitu hicho kitakutana nalo kazini. Kwa kitu cha juani, kiache juu ya bati tangu asubuhi na ukibebeshe mzigo wake halisi saa nane mchana, kisha ukiache na mzigo huo mpaka jioni, huku ukipima kwa rula kila saa. Kikiendelea kushuka saa ya nne kama saa ya kwanza, hakikufai.

Kwa kitu cha baridi, kilaze kwenye friza usiku kucha. Mwenye ghala yule alifanya hivyo kwa kila sampuli aliyoletewa, na ya nne, yenye namba 2 chini yake, ndiyo aliyonunua. Andaa mahali penye sakafu ya saruji tupu karibu na mlango wa friza kabla hujafungua, maana ukuta mwembamba wa plastiki unapata joto haraka sana, na ukitembea nayo hadi uani umeshapima kitu kingine. Iangushe ndani ya nusu dakika, kutoka usawa wa kifua, kwa kona na si kwa kitako, na urudie kwa kona zote nne.